Tusiuze kwa Haraka: Maandalizi ya Nyumba kwa Siku ya Dharura

Hotuba kwa vikundi vya kuweka na kukopa wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, mwezi wa Julai baada ya mavuno

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wetu, mchungaji na shehe mliotuombea dua asubuhi hii, wazee wangu, kina mama na kina baba wa vikundi, nanyi vijana wa bodaboda mliosimama pale nyuma kivulini, nawashukuru kwa kunialika. Najua huu ni mwezi wa kazi. Mahindi yapo uwanjani, alizeti inapigwa, magari ya walanguzi yameshaanza kuingia vijijini. Ndiyo maana nikaomba nizungumze nanyi sasa. Nikija Januari kuwaambia habari za akiba, nitakuwa nawatonesha vidonda tu.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii katika mkoa huu mpaka nikastaafu, na kazi hiyo imenikalisha na familia nyingi zikiwa kwenye shida. Nimeona jambo moja likijirudia, na ndilo nililokuja kuwaambia. Mara nyingi nyumba haimalizwi na tatizo lenyewe. Mtoto ameugua ghafla, baba amepata ajali, mvua imekata mahindi yakiwa kwenye mbelewele: haya ni mazito, hakuna anayebisha. Lakini ukifuatilia familia ile mwaka mmoja baadaye ukauliza imefikaje chini hivi, utakuta imebomolewa na kile ilichouza na ilichokopa siku ile ya kwanza na ya pili. Ekari tatu zimeuzwa kwa bei ya ekari moja, maana mnunuzi alijua mgonjwa yuko wodini. Ng'ombe wa maziwa ameuzwa saa mbili usiku kwa mtu aliyekuja na bei yake mfukoni. Mkopo umechukuliwa bila hata kuuliza riba.

Kwa hiyo leo nikitamka maandalizi, nina maana moja tu. Nyumba iwe na kitu ndani kinachoipa siku kadhaa za kukaa, kushauriana na kukataa bei mbaya.

Wazee wa Ugogo hawahitaji kufundishwa hili. Babu na bibi zetu walikuwa wakihesabu miaka kwa njaa zake, na iliyotisha kuliko zote ni ile ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Tukiizungumza tunasema ulikuwa ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini kabla ya ukame ilipita vita. Majeshi ya Wajerumani yalipita hapa, yakafuata ya Waingereza, na yote yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipogoma ilikuta vihenge vimeshafagiliwa, mazizi matupu, na wenye nguvu za kulima hawapo. Inakadiriwa watu 30,000 hivi walikufa. Ugogo ulikuwa umepitia miaka mingi ya jua kali kabla ya hapo na ukavuka, kwa sababu kulikuwa na nafaka ya mwaka juzi na kulikuwa na mifugo ya kubadilishana na majirani wenye chakula. Safari ile vyote viwili vilikuwa vimeondoka.

Wenye umri wangu mnakumbuka ya karibu zaidi. Mnakumbuka ukame wa 1973 na 1974, unga wa njano ukaletwa kwa meli, watu wakauita unga wa yanga, na Serikali ikatangaza kilimo cha kufa na kupona. Mnakumbuka baada ya Vita vya Kagera, Mwalimu alipotuambia tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ile ikapita na mkanda ukabaki kiunoni. Sukari ya foleni, sabuni ya foleni, khanga za mgawo. Nawaomba wazee mliopo hapa mwasimulie wajukuu mliishije miaka ile, maana wengi wao wanaamini duka halijawahi kuwa tupu katika nchi hii. Mlipika bila mafuta, mlifulia majivu na majani, mlibadilishana chumvi kwa karanga. Ni maarifa hayo, na yanazikwa na watu wake.

Sasa turudi kwenye Julai hii. Majeshi hayapiti tena. Vihenge tunavifagia wenyewe. Mahindi yanatoka shambani moja kwa moja kwenda sokoni Kibaigwa, mengine hayafiki hata Kibaigwa, yanapimwa mlangoni kwa debe la mlanguzi na kufungwa lumbesa wakati sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Fedha inaingia, inalipa madeni ya dukani, inanunua bati mbili tatu, inakwisha. Ikifika Januari yule yule aliyeuza anasimama dukani kununua unga kwa kilo. Kila mmoja hapa anajua bei ya Januari ilivyo mbali na ya Julai. Na bei haina huruma kwa pande zote mbili. Mwaka 2021 mahindi yalishuka mpaka wakulima wa nyanda za juu wakawa wanalia, na Machi mwaka huo Kenya ikasimamisha mahindi yetu mpakani kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu. Mwaka uliofuata vita vya Ukraine vikapandisha mafuta, mbolea na nauli, Serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta mwezi Juni 2022, na kufikia mwanzoni mwa 2023 unga ulikuwa umepanda kila soko. Hakuna mtu wa Kongwa aliyesababisha hayo, wala hakuna wa Kongwa anayeweza kuyazuia. Tunachoweza ni kutolazimika kununua mwezi ule ambao bei imepaa.

Sisemi msiuze. Mkulima asipouza atapeleka nini shuleni? Nasema kwanza mjue nyumba inakula nini. Chukueni wiki mbili, kabla ya kuuza gunia la kwanza, mpime unga unaosongwa kila siku. Nyumba ya watu sita inayosonga mchana na jioni inakaribia kilo mbili na nusu. Hiyo ni kilo 75 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ni magunia tisa ya kilo 100. Miezi ya shida peke yake, Novemba mpaka Aprili, inataka magunia manne na nusu. Mkishaijua namba ya nyumba yenu, magunia hayo yahame yaende chumba cha kulala, yawekewe alama, na mume na mke wakubaliane kwamba hayo hayana bei. Yanayobaki ndiyo biashara, na hata hayo yasiuzwe kwa siku moja.

Hapa nitakaa kidogo, maana kuna jambo linaua.

Tunasema akiba haiozi. Ya mahindi inaoza, na ikioza inaweza kuua familia. Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, kule Chemba, Kondoa na Kiteto, watu waliugua macho yakawa manjano, tumbo likajaa, wakatapika. Waliougua walikuwa 68, na 20 wakafariki, wengi wao watoto. Ilikuwa sumukuvu, kwenye mahindi yao wenyewe, waliyoyalima na kuyahifadhi. Sumu hii inatokana na ukungu, na ukungu unakuja kwa unyevu: mahindi yamevunwa hayajakauka, yameanikwa kwenye udongo, yamenyeshewa, yamewekwa sakafuni. Kupika hakuiondoi. Ugali wake unanukia kama ugali mwingine. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizoota ukungu, usimpe mtoto, na kuku pia usimpe. Karanga ni hivyo hivyo.

Mtajuaje kama mahindi yamekauka vya kutosha? Wengi tunang'ata punje na kusikiliza mlio. Kuna njia nzuri zaidi, haina gharama, na vifaa vyake viko pale mezani. Chukua chupa ya kioo, safi, kavu kabisa, yenye kifuniko. Weka chumvi ya unga iliyoanikwa juani ikakauka, vijiko viwili au vitatu. Jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kama robo saa. Uiinue kwenye mwanga. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani, tena juu ya turubai. Ukiona chumvi yote imeshuka chini na kioo ni kisafi, yamekauka, hifadhi. Mama yeyote anaweza kuifanya jikoni kwake, na ningependa kila kikundi kiifanye leo kwa mahindi yake chenyewe kabla hatujatawanyika.

Baada ya kukauka anakuja adui wa pili. Fukusi tunawajua tangu zamani. Dumuzi alikuja baadaye, Tabora ndiko alikoanza kuonekana hapa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, watu wakampa jina la skania kwa jinsi anavyosaga. Akiingia ghalani leo, ndani ya miezi michache unabaki na vumbi. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu ambayo wengi mnaiita PICS, inamaliza habari yake bila dawa yoyote: ukiifunga vizuri wadudu walioko ndani wanatumia hewa iliyopo, ikiisha wanakufa. Bei yake iko juu ya kiroba cha kawaida, ndiyo, lakini unautumia msimu zaidi ya mmoja usipotoboka. Mambo matatu tu myazingatie. Mahindi yawe makavu, maana ukifungia unyevu umefungia sumu. Kila tabaka lifungwe peke yake, kwa kukazwa. Na mfuko ukae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwa sababu ya panya. Halafu uacheni. Mkiufungua kila wiki kuchota debe mmeirudisha hewa.

Kuhusu mtama na uwele sitasema mengi, mnajua kuliko mimi. Nasikitika tu nikiona nyumba ya Kongwa haina hata robo ekari ya mtama, kwa sababu watoto wamezoea sembe. Mwaka wa mvua chache mtama ndio utakaowapa chakula. Na kina mama, mlenda, majani ya kunde na mgagani yakaushwe sasa, kivulini, jua kali linaua virutubisho vyake.

Wafugaji, neno langu kwenu ni fupi nalo ni gumu. Ng'ombe anauzwa angali na nyama. Kila mwaka tunaona mvua zimechelewa, nyasi zimeisha, na mzee anasubiri, kwa sababu kupunguza kundi ni kupunguza heshima. Mwanzoni mwa 2022 wenzetu wa Simanjiro walipoteza maelfu kwa maelfu ya mifugo. Waliokuwa wameuza sehemu mapema, wakanunua pumba na maji kwa waliobaki, walivuka na mbegu ya kuanzia. Kaeni na wake zenu na wanenu sasa, wakati zizi limeshiba, mkubaliane: ikifika tarehe fulani mvua haijanyesha, tunauza wale watatu. Mkiwa mmewataja kwa majina tangu Julai, Novemba hakuna atakayelia.

Sasa fedha, na hapa nazungumza kama mwanakikundi mwenzenu.

Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakiingia kwenye mikopo ya kausha damu. Siwalaumu hata kidogo. Mtu hachukui mkopo ule akiwa ametulia. Anauchukua mke yuko leba na anadaiwa fedha ya gari, au mtoto amefukuzwa shule. Chukueni hesabu ndogo. Umekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Umeshindwa kulipa mtaji, unalipa riba tu, 30,000 kila mwezi. Baada ya miezi sita umeshatoa 180,000, na ile laki moja bado unadaiwa yote. Benki Kuu imeweka ukomo kwa watoa mikopo wenye leseni, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza 30 hana leseni au anaivunja. Na ile ya kwenye simu msiione ya kisasa mkadhani ni salama: Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali. Nyingi za namna hiyo, ukichelewa, zinachukua majina yaliyoko kwenye simu yako na kumtumia mkweo, mchungaji wako na mwajiri wako ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Nimemwona mama aliyehama kata kwa aibu ya deni dogo ambalo kikundi chake kingelilipa siku hiyo hiyo kama angethubutu kusema.

Kwa nini hakuthubutu? Nililifikiria sana hilo. Kikundi kilikuwepo, sanduku lipo, kufuli tatu na wenye funguo watatu, kila kitu kwa utaratibu. Lakini sanduku hufunguliwa siku ya kikao tu, na shida yake ilikuja siku mbili baada ya kikao. Utaratibu uliowekwa kulinda fedha dhidi ya wizi ulikuwa umeifungia fedha mbali na mwenye dharura. Funguo tatu ziendelee, sitaki mtu aondoke hapa akasema nimezipinga. Ninachoomba nitakisema mwishoni.

Nje ya kikundi, kila nyumba iwe na fedha yake ya siku ya kwanza. Msianze na ndoto ya mamilioni. Anzeni na nauli ya gari mpaka hospitali ya wilaya usiku, pamoja na vipimo na dawa za kuanzia. Kwa wengi wetu hapa ni kama shilingi 50,000 mpaka 100,000. Ikae kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kununulia vocha, na sehemu yake iwe noti mkononi, kwa sababu mtandao unakatika na wakala anafunga saa mbili. Ikitumika, irudishwe kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ikishakaa imara, ndipo muisogeze ifike matumizi ya mwezi mmoja, kisha mitatu. Inachukua miaka, na ni sawa ichukue miaka.

Vijana wa bodaboda, nimewaona mnasogea. Wengi wenu mko kwenye mkataba, mnapeleka hesabu kila siku, tuseme 10,000, mpaka pikipiki iwe yenu. Ukiugua malaria wiki moja, hesabu ya siku saba ni 70,000, na mikataba mingine inasema ukikosa siku kadhaa mfululizo tajiri anachukua chombo chake. Mwezi wa kumi wa kulipa, pikipiki inaondoka. Kwa hiyo akiba yako wewe ya kwanza ni hesabu ya siku saba, kabla ya simu mpya, kabla ya redio ya kwenye pikipiki. La pili, kabla ya kusaini, ombeni liandikwe neno la ugonjwa na ajali. Tajiri mwenye nia njema atakubali. Asiyekubali amekuonyesha mapema nia yake.

Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili asubuhi, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Waliopona walikimbia na nguo walizovaa. Siwezi kumwambia mtu kwamba angejiandaa kwa mlima kuporomoka. Lakini mtu aliyepona, amezika, amelala kambini, kesho yake anatakiwa aonyeshe yeye ni nani, watoto ni wa nani, kiwanja kilikuwa cha nani. Karatasi ndizo zinazomrudisha kwenye maisha. Basi nyumbani kuwe na mfuko mmoja wa plastiki mgumu, usiopitisha maji, unaojulikana na kila mtu mzima. Ndani yake vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa au namba yake, kadi ya bima, kadi za kliniki za watoto, hati ya hakimiliki ya kimila kama mmeshaipata, na karatasi moja yenye namba za simu za ndugu zilizoandikwa kwa kalamu, maana simu ikizimika hakuna anayekumbuka namba ya mtu siku hizi. Nakala nyingine ikae kwa ndugu wa kijiji kingine. Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto afuatilie RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mwaka huu, wala asingoje mtoto afike darasa la saba.

Na baba zangu, nivumilieni kwa hili. Nyumba ngapi mama hajui mume ana akaunti wapi, anamdai nani, anadaiwa na nani? Tunadhani kuyasema ni kukaribisha kifo. Kifo hakiitwi kwa maneno hayo. Baba akifariki, fedha iliyoko benki haiwezi kupewa mjane kwa sababu tu analia dirishani. Inatakiwa cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, shauri la mirathi lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Kazi hiyo inaweza kula miezi, na ndani ya miezi hiyo watoto wanakula. Mjane asiyejua hata kama akaunti ipo, ataanzia wapi? Hati ya kimila ya shamba inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mkiandika majina yote mawili, mmejiwekea kizuizi kingine dhidi ya kuuza kwa haraka, na hicho ndicho ninachokitafuta tangu nianze kusema.

Bima ya afya. CHF iliyoboreshwa, ile ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kuna waliokuwa wanasema ni ghali huku wana mbuzi ishirini. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na utaratibu unabadilika. Mtendaji wetu yuko hapa, mumuulize kiwango kilichopo na kituo cha kujiandikisha kabla hamjaondoka. Wakati wa kulipia bima ni huu, mahindi yakiwa yanauzwa.

Namba za simu andikeni ukutani kwa mkaa kama hakuna kalamu. Polisi 112. Zimamoto 114. Mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, 115, ile ya m-mama, ni bure na inaleta usafiri wa kumpeleka hospitali. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba mlimofunga madirisha, hata kama ni baridi ya mwezi huu. Linaua watu usingizini.

Sasa ombi langu kwa vikundi. Kwenye vikundi vingi mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, ni shilingi 500 kwa wiki kwa kila mwanachama. Kikundi cha watu 30 kinapata 780,000 kwa mwaka. Halafu inafika Desemba, tunavunja mzunguko, tunagawana hisa, na mfuko wa jamii nao tunaugawana, kila mtu anapata vijisenti vya kununulia soda. Tunaingia Januari, mwezi wa ada na wa vihenge kupungua, sanduku likiwa na sifuri. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika vikundi vyetu, na ni rahisi kuliziba.

Ninapendekeza mambo matatu. Mchango wa jamii upande ufike 1,000 kwa wiki, ambayo kwa watu 30 ni 1,560,000 kwa mwaka. Mfuko huo usigawanywe wakati wa mgao, uhamie mwaka unaofuata, na mwanachama anayeondoka kwa amani arudishiwe sehemu iliyobaki ya kwake. Na tatu, sehemu ya mfuko, tuseme 200,000, itoke kwenye sanduku ikae kwenye akaunti ya simu ya kikundi, itolewe siku yoyote kwa idhini ya viongozi wawili, kwa mambo manne tu: mgonjwa wa kulazwa, uzazi, msiba na moto. Atakayepewa atoe taarifa kwenye kikao kinachofuata. Asidhalilishwe, asiulizwe mbele ya watu alikuwa anafanya nini na fedha zake.

Najua wapo watakaosema shilingi 1,000 ni nzito. Kwa baadhi yenu ni nzito kweli, na kikundi kinaweza kukubaliana wazee na wajane wabaki 500. Mjadili wenyewe, ninyi ndio wenye sanduku. Mwenyekiti, naomba mapendekezo haya yaingie kwenye muhtasari wa leo kama hoja, na kila kikundi kilete jibu lake kwa maandishi kabla ya mwisho wa Septemba, ili katiba zirekebishwe kabla ya mgao. Kwa sasa, waweka hazina wa vikundi waje hapa mbele na mahindi waliyobeba. Chupa na chumvi viko tayari.